Ukweni hakulaliwi, tukalala msituni

Kabla sijakueleza habari za kitanda cha fahari nilichokilalia katikati ya msitu wa mvua, yanipasa nikueleze kwanza kwa nini sikulala Suna, maana Suna ndiko nilikokwenda.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameolewa huko. Suna ni jina la zamani la mji ambao wengi siku hizi wauita Migori, kwenye barabara iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Sisi tuliosoma chuoni tukilisikia jina hilo akili hukimbilia sunna za Mtume, na dada yangu alipoletewa posa alifurahi mno, akaona ni heri iliyokwisha andikwa. Kumbe Suna ni jina la watu. Wasuna ni jamaa wa Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao masimulizi yao huwaleta kutoka upande wa Uganda, wakaenea kandokando ya Ziwa, visiwani Rusinga na Mfangano na kwenye milima ya Gwassi. Wakaoana na Wajaluo, wakasoma kwa Kijaluo, wakasali kwa Kijaluo, na leo wa Suna ukimwita kwa lugha ya babu zake atakuuliza wamwita nani. Mfangano wako bado wanaoisema. Suna utapata neno moja moja, kwa wazee, kama punje zilizosalia katika ghala.

Basi nikafika, nikapokewa mapokezi ambayo Mswahili hawezi kuyatia dosari. Ngege wa kukaanga, ugali, maziwa, na maneno matamu. Lakini jua lilipoanza kushuka nikaona mpwa wangu hatulii, mara aingia, mara atoka. Mwisho akaniinamia sikioni: “Mjomba, usinione vibaya. Mila za hapa haziruhusu wewe kulala. Ukweni hakulaliwi.” Kwa Wajaluo, na kwa Wasuna waliochukua mila zao, mzazi wa mke halazi kichwa chake katika boma alikoolewa bintiye. Atakula, atakunywa, ataheshimiwa kupita kiasi, kisha ataondoka. Na mjomba ni mzazi. Sikukasirika. Kwetu pwani pia ukweni kuna adabu zake, ila adabu zetu zina godoro.

Hapo ndipo mume wake, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipopata fikira yake. Akasema kwa kuwa mjomba hawezi kulala hapa, na kwa kuwa baba yake mzazi hajapata kupumzika tangu azaliwe, atatuchukua sote wawili akatulaze siku mbili mahali pa starehe, mbali na mila za mtu yeyote. Baba yake, mzee wa miaka themanini na ushei, aliyeniita Maalim nami nikimwita Jaduong' kama wote wamwitavyo, akauliza swali moja tu: “Huko kuna miti?” Kijana akacheka, akasema huko hakuna kingine.

Njiani ndipo nilipoelewa swali lile. Ukitoka Migori kwenda Awendo na Rongo utaona miwa, utaona mahindi, utaona mikaratusi iliyopandwa kwa mstari. Mti mkubwa wa kujiotea mwenyewe utautafuta kwa macho. Jaduong' alikuwa akinionyesha vilima kwa fimbo yake kupitia dirishani: kile kilikuwa na nyani, kile wanawake walikuwa hawakipandi peke yao. Nikamwuliza vilipatwa na nini. Akanyamaza mpaka tukakaribia Kisii, kisha akasema, “Tumbaku.”

Kilimo cha tumbaku kilishika nguvu sehemu hizo katika miaka ya 1970. Majani ya tumbaku hayauzwi mabichi. Hukaushwa katika mabanda kwa moto unaowaka mchana na usiku, na moto hula kuni. Mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, fedha nyingi kidogo machoni, na fedha hizo zilisomesha watoto wa Migori na Kuria ambao kahawa na pamba zilishindwa kuwasomesha. Jaduong' alilima miaka thelathini. “Watu husema tumbaku ilikata miti,” akaniambia. “Tumbaku haina mikono, Maalim. Niliikata mimi.” Akamwonyesha kwa kidevu mwanawe aliyekuwa akiendesha gari. “Huyu hapa ndiye miti yenyewe.” Kijana akajifanya hakusikia, akaongeza mwendo.

Tukapita Oyugis, Sondu, Ahero, tukala Kisumu, tukapanda kuelekea Kakamega. Penye Khayega barabara ya kwenda Shinyalu na Isecheno huingia kulia, na baada ya mwendo si mrefu mashamba hukatika ghafla kama nguo iliyokatwa kwa mkasi. Upande huu chai na migomba, upande ule giza.

Msitu wa Kakamega ni kipande kilichosalia cha ule msitu mkubwa wa Kongo ambao zamani ulinyoosha mkono wake kupitia Uganda mpaka Kenya ya magharibi. Serikali ya kikoloni iliuwekea mipaka mwaka 1933. Katika ramani una kilomita za mraba zipatazo 240, lakini ukitoa mashamba ya miti ya kupandwa na mbuga zilizo wazi, msitu wa asili ni mdogo kuliko hapo. Upande wa kaskazini, Buyangu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kusini, Isecheno, uko chini ya idara ya misitu. Mle mna mbega weusi wenye shuka jeupe mgongoni, mna hondohondo ambao mbawa zao hufanya mvumo kama jahazi linalobadili tanga, mna nyoka wa Kikongo ambao hawapatikani kwingine katika nchi yetu. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na miti huendelea kudondoka maji saa nzima baada ya mbingu kunyamaza.

Nyumba tuliyofikia yaitwa Rondo. Ndani ya msitu, mahali ambapo ungetazamia kukuta chui, utakuta bustani iliyokatwa nyasi, bwawa lenye mayungiyungi, na nyumba za mbao zenye baraza pana. Yaendeshwa na taasisi ya Kikristo, na wanaokuja wengi huja kusali na kunyamaza. Pombe haiuzwi. Mimi nilijiona nimekuja kwa jamaa. Shuka nyeupe zilizopigwa pasi, chandarua kama cha bibi harusi, maji ya moto, chai iletwayo barazani katika buli. Nilimwuliza mhudumu kaskazini ni wapi, maana pale jua huzama nyuma ya miti kabla halijazama kwa kweli na mtu hawezi kuijua kibla. Hakuniuliza ni ya nini. Akanionyesha, na baada ya dakika tano akarudi na kitambaa safi cha kutandika chini. Mungu amlipe.

Sasa nikwambie jambo lililomfurahisha Jaduong' kupita kitanda. Aliposikia kwamba nyumba kubwa ya mahali hapo ilijengwa na Mzungu mkata mbao, mwenye kiwanda cha kupasua magogo, alipiga paja akacheka hadi machozi. “Kumbe tulikuwa wengi!” Akaizunguka ile nyumba mara mbili, akizigonga mbao kwa kifundo cha kidole kama mtu agongaye mlango wa rafiki.

Nililala vibaya, kusema kweli. Si kosa la kitanda. Mtu aliyezoea sauti ya bahari husikia msitu kama bahari iliyovunjika vipande vipande, kila kipande kikilia kwa namna yake. Nikawa nawaza. Katika nchi hii kulala msituni kuna historia mbili. Mwaka 1932 katika misitu ya Aberdare palijengwa chumba juu ya mti, Treetops, wageni wapande jioni watazame wanyama kwa mwanga wa mbalamwezi. Ni pale Elizabeth wa Uingereza alipokuwa usiku ambao baba yake alifariki, Februari 1952, akapanda akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Na ni msitu ule ule ambao miezi michache baadaye wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakilala juu ya majani na mvua ikiwanyeshea, na mwaka 1954 hoteli ile ikatiwa moto. Mti uliobeba chumba kile cha kwanza ulikuwa mugumo, na mugumo kwa Wakikuyu ni mti wa ibada. Alfajiri niliposimama kusali hondohondo alipita juu ya paa na mvumo wake, nikapoteza hesabu ya rakaa, nikaanza upya.

Asubuhi tulipewa kijana wa Kiisukha wa kututembeza. Jaduong' hakutaka vipepeo wala mbega. Alikuwa na jambo lake, na nadhani ndilo lililomtoa Suna. Bibi yake mzaa mama, ambaye ndiye wa mwisho katika nyumba yao aliyeota ndoto kwa Kisuba, alikuwa akiwatajia mti mmoja. Chini yake wazee walikuwa wakiomba mvua. Jina alilishika tangu utotoni. Mti wenyewe hakupata kuuona, au aliuona na hakuambiwa ndio huo. Inawezekana, alisema, kwamba aliuingiza bandani mwake na majina yake yote. Akalitamka lile jina mbele ya yule kijana, taratibu, mara mbili, kama mtu atoaye sarafu ya kale na kuuliza kama bado inapokewa dukani.

Kijana akainamisha kichwa. Akaomba alisikie tena. Kisha akasema, “Baba, sisi twasema mukumu.”

Waluhya ni Wabantu kama walivyokuwa Wasuna, na maneno yale mawili yalikuwa ndugu wa tumbo moja, yaliyoachana njiani na kukutana uzeeni. Misheni ya Mukumu, karibu na Khayega, ina jina hilo hilo. Na Wakikuyu wasemapo mugumo, wasema nini? Sisi Waswahili tuna mkuyu, ingawa huo ni wa ukoo mwingine kidogo. Wa ndugu wa Kimijikenda wenye makaya huenda wakanisahihisha.

Tukapelekwa. Tulitembea muda wa nusu saa, Jaduong' mbele na fimbo yake, mpaka tukafika penye mti ambao sikujua ni mmoja au kumi. Kijana akatueleza jinsi unavyozaliwa. Ndege hula tunda na kuidondosha mbegu katika panda ya mti mwingine. Mche huota juu kule, mgeni asiye na shamba, ukashusha mizizi myembamba kama nyuzi mpaka ardhini. Nyuzi zikanenepa, zikashikana, zikamkumbatia mwenyeji. Baada ya miaka mingi mwenyeji hufa na kuoza, na katikati pakabaki uwazi wa umbo lake. Mzee akaingiza mkono wake ndani ya uwazi ule hadi begani.

“Maalim,” akaniita. “Hivi ndivyo Kijaluo kilivyotufanya sisi.” Alisema kwa Kijaluo, mwanawe akanifasiria, na wote watatu tukacheka, naye kuliko sisi. Kisha akavua kofia yake akasimama pale kwa muda. Mimi sikumwuliza alikuwa akisema nini moyoni, nami nilijitenga kidogo nikasoma Fatiha kwa ajili ya bibi yule.

Aliporudi akataka tawi. Kijana akamwambia kwa adabu kwamba msituni hakukatwi kitu bila ruhusa. Jaduong' akamtazama kwa mshangao, mzee aliyekata kilima kizima akikatazwa kijiti, nikadhani ataghadhibika. Akasema, “Vizuri. Vizuri sana. Wewe ungekuwa Suna mwaka ule.” Lakini kijana, mtoto wa watu, akatupeleka hadi nje ya mpaka wa msitu, nyumbani kwa shangazi yake, ambako mukumu ulikuwa umesimama katika ua kama nguzo. Mti huo huota ukichomeka tawi ardhini wakati wa mvua. Yule mama akatukatia vijiti viwili, akakataa fedha, akamwuliza mzee anavipeleka wapi. Alipoambiwa Suna alisema hapajui, akaongeza kijiti cha tatu.

Usiku wa pili nililala vizuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba za namna ile ya tatu hupewi jembe, hupewa karatasi. Kijana wetu aliipokea, akaikunja haraka, akaitia mfukoni. Baba yake akamtaka aseme ni ng'ombe wangapi. Hakusema. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda ni msimu mmoja wa banda, akapanda gari, akavilaza vijiti vyake vitatu magotini vikiwa vimefungwa kitambaa chenye maji, na hakuviachia mkono mpaka Migori.

Mpwa wangu amenipigia simu juzi. Kijiti kimoja kilikauka. Cha pili kiliota majani manne, mbuzi akayala. Cha tatu kimezungushiwa miiba na mzee mwenyewe, kimefika magotini, na watoto wa jirani wameanza kukiita kwa lile jina la bibi, ingawa matamshi, asema, bado hawajayapata.