Cheo cha Mkuu wa Kanisa la St Patrick, Dublin

Msomaji aliyepata kusoma Safari za Gulliver, kitabu alichokifasiri Frederick Johnson, huenda hajui ya kuwa mtungaji wake, Jonathan Swift, alikuwa kasisi mwenye cheo. Tangu 1713 hata alipokufa 1745 alikuwa Mkuu wa Kanisa la St Patrick mjini Dublin, Ireland.

Cheo hiki si uaskofu. Mkuu ni kiongozi wa baraza la makanoni, naye huangalia ibada na mali ya kanisa. Kilianza yapata 1220, kanisa hilo lilipofanywa kanisa kuu. Mwaka 1547, katika utawala wa wafalme wa Uingereza, baraza lilivunjwa na cheo kikakoma. Mwaka 1555, zamani za Malkia Mary, vikarudishwa.

Swift alitamani uaskofu asiupate. Lakini mwaka 1724, fedha za shaba zilizodaiwa kuwa mbovu zilipotaka kuletwa Ireland, aliandika nyaraka za kuzipinga bila kutaja jina lake. Serikali iliahidi pauni 300 kwa atakayemfichua mwandishi. Watu walimjua, wala hakutokea wa kumtaja. Fedha zile ziliondolewa 1725. Basi heshima ya cheo yaweza kuzidishwa na mwenye kukishika.