Bustani ya shule: wafundishe watoto kuhesabu koo, siyo majina

Walimu wa huku Meru na wa Arusha mjini wananiuliza sana: somo la bayoanuwai nitalifundishaje bila watoto kukariri tu? Mimi nasema wape kipande cha ardhi, kamba na karatasi, wachore bustani wao wenyewe. Ila kuna jambo moja usipolisimamia, utapata bustani ya kupendeza ambayo mdudu mmoja anaimaliza.

Kuna shule moja ya msingi chini ya mlima ilipewa eneo na kijiji ili watoto wapate mboga ya mchana. Wakapanda mazao matano: nyanya, ngogwe, viazi mviringo, pilipili hoho na mnavu. Ukiangalia kwa macho, mchanganyiko mzuri kabisa. Kantangaze akaingia. Alianza na nyanya, akahamia kwenye viazi na ngogwe, mpaka majani ya mnavu yakawa na michirizi. Mboga ya mchana ikaishia hapo, na wazazi waliochangia miche wakaanza kununa.

Sasa, mazao yale matano ni ndugu. Yote ni ukoo wa nyanya. Na kantangaze, aliyegunduliwa nchini mwaka 2014 hapa hapa Arumeru, anaujua ukoo huo vizuri mno. Kwa hiyo shule ilikuwa na majina matano lakini ukoo mmoja.

Habari njema ni kwamba watoto wa huku hawana shida na neno ukoo. Mtoto wa Kimeru au wa Kiarusha anaujua wa kwao kabla hajaijua jedwali la saba. Tumia hilo. Kabichi, sukuma wiki na loshuu ni ukoo mmoja. Kunde, maharage na ngwara ni mwingine. Bamia na mlenda ni ndugu, ingawa watoto watakubishia (waambie wakumbuke ule utelezi). Maboga na matango, huko kwao. Mchicha ana wake, mgagani ana wake, vitunguu vina wao.

Kabla ya kuchora, wahesabu kwanza. Chukua kamba ya mita 4, ifunge iwe mraba wenye mita 1 kila upande. Kundi la kwanza liiweke kwenye shamba la kabichi, la pili pembeni mwa uwanja wa mpira, la tatu chini ya migomba ya mzee jirani. Waandike kila aina ya mmea na kila mdudu wanayemwona ndani ya mraba, hata kama jina hawalijui, wachore tu. Chini ya migomba ndiko kazi inakuwa kubwa. Kuna kahawa, magimbi, maharage, majani ya ng'ombe, na juu mringaringa unatoa kivuli. Yule mzee aulizwe kila kimoja kinafanya kazi gani. Hajasoma ekolojia, lakini atawafundisha kwa saa nzima, na mwalimu akae pembeni aandike.

Kazi ya nyumbani: Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Tengeru, wapite kwenye mboga za majani wahesabu aina zinazouzwa, kisha wazipange kwa koo. Wamuulize na bibi ni mboga gani alikula utotoni ambayo leo haioni sokoni. Hapo ndipo utasikia majina ambayo hata mimi sikufundishwa chuoni.

Kwenye kuchora, sheria yangu ni hii: matuta mawili yanayopakana yasiwe ya ukoo mmoja, na msimu unaofuata ukoo usirudi tuta lile lile. Basi. Mengine yote waamue wao, wagombane, wafute, wachore tena. Mwalimu ukiwachorea, umewanyang'anya somo.

Acha ukanda wa hatua moja pembezoni, upande alizeti na giligilani, na giligilani uiache ichanue maua. Wadudu wanaokula vidukari hufuata maua hayo, na nyuki pia. Watakuja watu kukuambia pembeni pachafu, palimwe. Usilime.

Halafu tafadhali, kulima bustani isiwe adhabu ya waliochelewa namba. Mtoto anayepalilia kwa adhabu anang'oa mgagani na magugu pamoja, hatofautishi, na hataki kutofautisha.

Suala la mbegu. Tengeru tuna bahati; Kituo cha Kimataifa cha Mboga kipo hapo tangu 1992 na kinahifadhi mbegu za mboga zetu za asili. Lakini shule nayo iwe na chupa zake. Acha mimea kumi ya mnavu iliyo na afya usiichume majani. Matunda yakiiva, yawe ya rangi ya chungwa au zambarau kutegemea aina, yapondwe kwenye maji, mbegu zioshwe na kuanikwa kivulini mpaka zikauke kabisa. Chupa iandikwe jina la mmea, ukoo, tarehe, na jina la bibi aliyetoa mbegu ya kwanza.

Mnaotaka kuwahi mvua za vuli, kuhesabu na kuchora kufanyike Septemba. Ukuta wa miiba dhidi ya mbuzi utangulie mbegu.