Ujasiri wa Kusema: Tabia Inayoweza Kufundishwa

Mwalimu wa hisabati amemaliza kueleza kanuni mpya. Anaiweka chaki mezani, anawageukia wanafunzi na kuuliza: "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia kwa sauti moja: "Ndiyo, mwalimu!" Wiki inayofuata mwalimu huyohuyo anasahihisha jaribio, na kugundua kwamba wengi wa walioitikia hawakuelewa hata hatua ya kwanza. Yamkini kila mmoja wao alidhani kuwa wenzake wameelewa na kwamba mjinga ni yeye peke yake. Basi wote wakaitikia, na ujinga ukabaki palepale.

Jambo hili haliishii darasani. Mgonjwa hutoka kwa daktari akiwa ameshika dawa mkononi, asijue kama atazimeza kabla ya chakula au baada yake. Abiria hurudishiwa chenji pungufu na kondakta, akanyamaza. Kijana hufuatana na wenzake mahali ambapo moyo wake haukutaka kwenda. Kila mmoja wa watu hawa ana neno la kusema na ana ulimi wa kulisemea. Anachokosa ni ujasiri wa kulitoa neno hilo kwa wakati wake.

Watu wengi huamini kwamba ujasiri wa namna hii ni kipaji: wengine huzaliwa nacho na wengine hukikosa. Uchunguzi wa wataalamu wa saikolojia umeonyesha vingine. Kujieleza kwa uthabiti ni tabia, na kama zilivyo tabia nyingine, mtu anaweza kujifunza.

Njia tatu za kusema

Tuchukue mfano mmoja. Mwalimu, katika kukokotoa hesabu ubaoni, ameandika alama ya kujumlisha mahali pa alama ya kutoa. Mwanafunzi mmoja ameliona kosa hilo. Ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni kunyamaza. Atalinakili kosa katika daftari lake, na pengine kumnong'oneza jirani. Njia ya pili ni kuropoka: "Mwalimu, umekosea!" Darasa litaangua kicheko, mwalimu atafedheheka, na hesabu yenyewe itasahauliwa. Njia ya tatu ni kunyosha mkono, kusimama, na kusema kwa sauti ya kusikika: "Samahani, mwalimu. Naona katika mstari wa tatu alama ya kutoa imekuwa ya kujumlisha. Naomba tuutazame tena."

Katika njia ya kwanza mwanafunzi amejidhulumu mwenyewe. Katika ya pili amemdhulumu mwenziwe. Ya tatu ndiyo inayoitwa kujieleza kwa uthabiti, yaani kusema unachofikiri, unachohisi au unachohitaji, waziwazi na kwa adabu, pasipo kuikanyaga haki yako wala ya yule unayezungumza naye. Ni vyema kukumbuka kwamba uthabiti si ukali uliopunguzwa makali. Mkali hutaka kushinda. Mwenye uthabiti hutaka kueleweka.

Hofu na namna ya kuituliza

Mtu anaposimama kusema mbele ya watu, mwili wake hutenda kana kwamba kuna hatari. Tezi zilizo juu ya figo humimina homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka, viganja hutoa jasho, na pumzi hufupika. Matayarisho haya yanamfaa sana mtu anayetaka kukimbia au kupigana. Kwa yule anayetaka kueleza jambo kwa utaratibu, huwa kikwazo.

Mmoja wa walioshughulikia suala hili ni Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumia askari waliosumbuliwa na hofu kutokana na vita. Baadaye alifanya majaribio kwa kutumia paka. Paka waliowahi kupigwa na umeme ndani ya kizimba waliingiwa na hofu hata wakakataa kula wakiwa humo. Wolpe akaanza kuwalisha mbali na kizimba, mahali ambapo hofu ilikuwa ndogo, kisha akawasogeza kidogo kidogo. Hatimaye walikula ndani ya kizimba kilekile pasipo kuogopa.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1958 Wolpe alieleza kwamba hofu huweza kuzimwa na tendo lisiloweza kukaa pamoja nayo. Kwa paka tendo hilo lilikuwa kula. Kwa binadamu anayeogopa watu, mojawapo ya matendo hayo ni kusema wazi lililo moyoni mwake. Kila anaposema bila kupatwa na dhara, hofu hupungua. Funzo hapa ni kwamba asiyesema kwa sababu anaogopa, na akangoja hofu imtoke kwanza, atangoja sana. Hofu hutoka kwa kusema, na kusema kwenyewe huanzia pale penye hofu ndogo.

Nguvu ya wengi

Hofu ya aliye mkubwa ni upande mmoja tu. Mtu huogopa pia kuwa peke yake. Katika miaka ya 1950 Profesa Solomon Asch, nchini Marekani, aliwaweka wanafunzi wa chuo katika vikundi na kuwaonyesha mistari mitatu yenye urefu mbalimbali. Kazi yao ilikuwa kutaja ni upi uliolingana na mstari wa nne. Jibu lilionekana kwa macho, na mtu aliyejaribiwa peke yake hakukosea ila kwa nadra sana. Lakini katika kila kikundi, wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepatana na Asch kwa siri kutoa jibu lisilo sahihi mara kadhaa.

Yule mmoja, baada ya kuwasikia wenzake wote wakisema uongo kwa sauti ya uhakika, alifanyaje? Kwa wastani, takriban theluthi moja ya majibu yaliyotolewa katika hali hiyo yaliwafuata wengi. Kiasi cha robo tatu ya waliojaribiwa walikubaliana na kosa walau mara moja. Wengine walieleza baadaye kwamba waliona ukweli ila hawakutaka kuonekana tofauti.

Kisha Asch akabadili jambo moja. Akamweka katika kikundi mtu mmoja wa kusema kweli. Makosa ya kufuata wengi yakashuka hadi karibu robo ya yale ya awali. Wengi walikuwa bado wengi, lakini mtu hakuwa tena peke yake. Hivyo mwanafunzi mmoja anayethubutu kusema, "Mwalimu, mimi sijaelewa," huwa amewafungulia mlango wanafunzi kumi walio nyuma yake.

Ukimya unapoua

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya darasani, na hasara yake haizidi alama chache za mtihani. Historia ya usafiri wa ndege inaonyesha kwamba hasara yaweza kuwa kubwa zaidi.

Tarehe 28 Desemba, 1978, ndege aina ya DC-8 yenye watu 189 ilikaribia uwanja wa Portland, Marekani. Magurudumu yaliposhushwa, marubani walisikia kishindo na taa ya kuwathibitishia kwamba yamejifunga haikuwaka. Rubani mkuu aliamua kuzunguka angani ili kuchunguza tatizo na kuwatayarisha abiria. Ndege ilizunguka kwa muda wa saa moja hivi, na mafuta yakazidi kupungua. Rubani msaidizi na mhandisi wa ndege waliziona geji. Walimtajia mkubwa wao habari za mafuta, lakini kwa maneno ya kudokeza, wala hawakumwambia kwa nguvu inayostahili kwamba hapana budi watue mara moja. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, na ndege ikaanguka maili chache kabla ya kufika uwanjani. Watu 10 walikufa, akiwamo yule mhandisi.

Wachunguzi walimlaumu rubani mkuu kwa kutoyajali maonyo. Lakini walitaja pia kwamba wasaidizi wake hawakueleza wasiwasi wao kikamilifu. Mwaka uliofuata idara ya anga ya Marekani, NASA, iliitisha mkutano wa wataalamu kuzungumzia makosa ya namna hiyo. Kutokana na juhudi hizo, marubani wa mashirika ya ndege walianza kufundishwa somo jipya: mdogo afunzwe kusema waziwazi, na mkubwa afunzwe kusikiliza. Leo somo hilo ni la lazima katika mashirika mengi ya ndege duniani.

Hospitali nazo zikafuata. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla na baada ya kumpasua mgonjwa. Mojawapo ni kwamba kila aliyemo chumbani, kuanzia daktari mpasuaji hadi muuguzi, ataje jina lake na kazi yake kabla ya kisu kushikwa. Aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja huona wepesi kusema tena anapoona hatari. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kuwa vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Kutaja majina hakukuwa sababu pekee, kwani orodha ilikuwa na mambo mengi. Lakini ni sehemu ya utaratibu uliookoa maisha.

Je, heshima itapotea?

Wapo wazee na walimu wanaohofia kwamba kijana akifundishwa kusema wazi atakosa adabu. Hofu hii si ya kupuuzwa, maana jamii zetu zimejengwa juu ya heshima ya mdogo kwa mkubwa. Lakini lugha yenyewe ya Kiswahili inatoa jawabu. Lugha isiyoruhusu mdogo kumwambia mkubwa neno isingekuwa na haja ya maneno kama samahani, naomba, niwie radhi, na kwa ruhusa yako. Maneno haya ni daraja: yalibuniwa ili ukweli upite kutoka chini kwenda juu pasipo kumwangusha mtu. Kijana anayemwamkia mwalimu wake "Shikamoo," kisha akauliza swali lake lote bila kulimung'unya, hajavunja heshima yoyote. Wahenga walisema, heshima si utumwa.

Hata hivyo, si kila ukimya hutokana na woga. Katika shule nyingi za Tanzania mwanafunzi humaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili, akaanza sekondari kwa Kiingereza. Anaweza kulijua jibu na akakosa maneno ya kulieleza. Mwanafunzi huyo akiitwa mwoga, ataadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Mwalimu mwenye busara hutenganisha mambo haya mawili: humruhusu aseme kwanza maana yake kwa maneno aliyo nayo, ndipo amsaidie kuisema kwa lugha ya somo.

Mazoezi ya mwanafunzi

Mwaka 1977 Profesa Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka katika vyanzo vinne. Kilicho na nguvu kuliko vyote ni kufanya jambo na kufaulu. Vingine ni kumwona mtu wa hali yako akifaulu, kutiwa moyo, na kuitawala hali ya mwili wako. Kutokana na hayo mwanafunzi anaweza kujiwekea mazoezi.

Kwanza, aanze na jambo dogo. Amwulize muuza duka bei na kumwomba amweleze tofauti ya bidhaa mbili. Wiki inayofuata aulize swali katika kikundi cha kujisomea, kisha darasani. Pili, aliandike swali lake kabla ya kusimama, kwa sentensi moja. Tatu, aseme "mimi" badala ya "wewe." Kauli "Mimi sijaelewa hatua hii" haimshtaki mtu, kauli "Wewe hukueleza vizuri" huanzisha ugomvi. Nne, avute pumzi taratibu na kuitoa polepole kabla ya kusema. Tano, ajifunze kukataa kwa ufupi: "Hapana, sitakwenda. Nina kazi." Visingizio vingi humpa mshawishi nafasi ya kuvijibu kimoja kimoja.

Sehemu ya mwalimu

Mwanafunzi hawezi kufaulu peke yake. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu ya sayansi nchini Marekani, alirekodi masomo mengi darasani. Aligundua kwamba walimu, wakishauliza swali, walingoja kwa wastani wa sekunde moja tu kabla ya kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, maswali ya wanafunzi yaliongezeka, na wale waliodhaniwa kuwa wazito walianza kushiriki. Zoezi hili halihitaji maabara wala fedha. Linahitaji mwalimu anayeweza kuvumilia ukimya mfupi.

Aidha, mwalimu aliache swali la "Mmeelewa?" ambalo jibu lake limekwisha kujulikana. Badala yake aulize: "Ni hatua gani iliyo ngumu zaidi?" Swali hilo halimlazimu mtu kukiri ujinga, bali humwalika kuonyesha mahali. Na siku mwanafunzi atakapomsahihisha kwa adabu, mwalimu amshukuru mbele ya wenzake. Tendo hilo moja litawafundisha darasa zima kuliko mawaidha ya mwaka mzima.

Kuuliza si ujinga, husema wahenga. Mwanafunzi wa leo ndiye muuguzi, fundi, mhandisi na rubani wa kesho, na siku moja atakuwa wa kwanza kuona geji ikishuka. Ikiwa darasani alizoea kuitikia "Ndiyo, mwalimu" huku hajaelewa, hatutakuwa na haki ya kushangaa siku hiyo atakaponyamaza.