Maganda ya Jikoni Buruburu na Moshi wa Dandora

Kijana wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, akiuliza afanye nini kutunza mazingira, mara nyingi hupewa ushauri uleule wa kijana wa Ulaya: zima taa, punguza safari za ndege, acha gari upande basi. Si ushauri mbaya, ila kwake una uzito mdogo. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria na kwingineko, mabwawa, upepo na jua. Mjini huenda kwa matatu, na nguo zake nyingi zimepitia soko la mitumba la Gikomba. Anapochafua hasa ni jikoni, katika mfuko mmoja unaopokea maganda ya viazi, mabua ya sukuma wiki, chupa ya soda na betri iliyokufa.

Mwisho wa safari ya mfuko huo ni jaa la taka la Dandora, kilomita chache kutoka Buruburu. Jaa hilo lilianza katikati ya miaka ya 1970, nyumba za Buruburu zilipokuwa bado zinajengwa awamu kwa awamu, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Hadi leo linapokea taka. Nairobi huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, na zaidi ya nusu ni vitu vinavyooza.

Wengi huamini kwamba kinachooza hakidhuru, kwa kuwa kitarudi udongoni chenyewe. Shambani ni kweli. Jaani, ganda hufukiwa chini ya mita kadhaa za taka ambako hewa haifiki, na huko kazi hufanywa na vijidudu visivyohitaji oksijeni. Vijidudu hivyo hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto mara 28 hivi zaidi ya uzito uleule wa kaboni dioksidi. Methani hushika moto kwa urahisi, na ni sababu mojawapo ya moshi wa majaa kutokwisha. Nayo majimaji ya uozo huchuruzika yakipita kwenye betri na vyuma, yakabeba sumu hadi Mto Nairobi. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya vipimo vya watoto 328 wa maeneo ya Dandora: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Watoto hao ni majirani zetu.

Lakini methani hudumu hewani kwa takriban miaka 12 tu, ilhali kaboni dioksidi hukaa karne na karne. Tukipunguza methani leo, kijana wa miaka 20 ataona faida yake kabla hajazeeka.

Kuipunguza hakuhitaji mtambo. Chukua ndoo kuukuu yenye kifuniko, itoboe matundu chini na ubavuni, uiweke juu ya matofali mawili. Kila ukimwaga kipimo kimoja cha maganda, funika kwa vipimo viwili au vitatu vya kitu kikavu: majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa, au maranda ambayo maseremala huwa nayo tele. Vijidudu vinavyohitaji hewa hutaka kaboni kwa ajili ya nguvu na nitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao, takriban sehemu 30 kwa 1. Vikavu huleta kaboni, maganda huleta nitrojeni. Ikinuka, ujue imelowa mno au imekosa hewa: ongeza vikavu, geuza. Ukifinya konzi moja, litoke tone moja au mawili tu. Nyama na mabaki yenye mafuta usitie, panya hawachelewi. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa mvua, inayofaa kwa dania na sukuma za kwenye magunia.

Asiye na nafasi nyumbani ana koti. Nyumba za Buruburu zilipangwa kuzunguka viwanja vya pamoja viitwavyo koti, na ingawa vingi vimemezwa na nyumba za nyongeza na maegesho, kona ya kuweka mapipa mawili bado inapatikana kwenye koti nyingi.

Sababu kubwa ya kuanza na maganda ni hii. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, lakini wengi hukata tamaa wakiona mifuko yao miwili ikimwagwa ndani ya lori moja. Maganda yakibaki kwenye koti, hakuna wa kuyachanganya tena. Chupa na makaratasi yatatoka yakiwa makavu na safi, na chupa safi ina bei nzuri kuliko iliyopakwa mchuzi. Kijana anayezoa taka kwa mkokoteni atapata kitu cha kuuza bila kuchokoachokoa uozo kwa mikono mitupu. Betri ziwekwe kwenye mkebe wake, mbali na vyote.

Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, wengi walisema haitawezekana. Tulizoea upesi. Kwa hiyo kwenye mkutano ujao wa koti yenu, ombeni mapipa mawili na kona, na mmoja wenu ajitolee kugeuza mboji kila Jumamosi.