Majarida ya kale yalivyofika chuoni, na mlango ukabaki wazi

Siku chache baada ya kuacha chuo, nilirudi maktaba kusoma. Soja wa getini akaangalia kadi yangu, akaniambia, "Hii imekufa, boss." Nikageuza.

Ndiyo maana kisa cha John Crerar kilinishika. Huyu alikuwa tajiri wa Chicago, Marekani, muuza vifaa vya reli. Hakuwa na mke wala mtoto. Alipofariki 1889, wosia wake uliacha zaidi ya dola milioni 2 za kujenga maktaba ya umma, bure kabisa. Sharti moja: riwaya chafu za Kifaransa zisikanyage humo!

Ilifunguliwa 1897. Kwa kuwa mji ulikuwa na maktaba nyingine za fasihi na historia, wadhamini waliamua hii iwe ya sayansi. Wakanunua majarida mapya na ya kale. Kumbuka majarida ya aina hii yalianza 1665, Paris na London, wakati wanasayansi walikuwa bado wanategemea kuandikiana barua.

Baadaye pesa zikawa ngumu. Mwaka 1984 hazina hiyo yote ikaunganishwa na ya Chuo Kikuu cha Chicago, kwenye jengo jipya lenye jina la Crerar. Lakini wosia uliheshimiwa: hata asiye mwanafunzi aliendelea kuingia na kusoma bure.

Sasa niambie, vyuo vyetu vya umma vinaendeshwa kwa kodi ya nani? Mimi naomba kiti kimoja tu, hata kama ni cha pembeni.