Lau mwanamuziki angezaliwa mara ya pili

Liko swali moja ambalo wanamuziki hupenda kuulizana usiku wa manane, ala zinapokwisha kufungwa na kila mmoja akingojea gari la kumrudisha kwake: lau ungezaliwa mara ya pili, ungepiga ala gani? Swali hilo laweza kuonekana kuwa la mzaha. Hata hivyo, mwenye kulisikiliza kwa makini atatambua kwamba lina uzito wake. Anayeulizwa haulizwi habari za ala tu; anaulizwa iwapo ameridhika na umri alioutumia.

Kwa maoni yangu, wanaochomwa zaidi na swali hili ni wapigaji wa gitaa la chuma. Msomaji aliyelelewa katika nyumba yenye redio hapa Kenya amekwisha kuisikia sauti ya gitaa hilo, hata kama hajapata kuliona. Katika nyimbo za Charley Pride na za Don Williams, ambazo wengi wetu tulizikariri bila kujua Nashville iko upande gani wa dunia, husikika nyuma ya mwimbaji sauti inayopanda na kushuka bila kukatika, mfano wa mtu anayelia huku akijizuia. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mwanamke aliyesimamishwa mbali na kipaza sauti. Miaka mingi ilipita kabla sijaambiwa kwamba ni waya na chuma.

Gitaa hilo halikumbatiwi kifuani. Hulazwa mapajani, ama husimama kwa miguu yake yenyewe kama meza, na mpigaji huketi mbele yake. Mkono wa kulia hudonoa nyuzi. Mkono wa kushoto haubonyezi waya, bali hutelezesha juu yake kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, na hicho ndicho kilicholipa gitaa jina. Katika aina iliyoenea Nashville huwa na nyuzi 10, na chini yake mna kanyagio za mguu pamoja na nyenzo za kusukumwa kwa magoti, ambazo huvuta au kulegeza nyuzi ili sauti igeuke ingali inalia. Lipo pia lenye shingo mbili na nyuzi 20 kwa jumla. Mguu wa kushoto hushughulika na kanyagio hizo, wa kulia hukuza na kupunguza nguvu ya sauti, na magoti nayo hayapumziki. Mistari iliyochorwa shingoni huelekeza jicho tu. Sikio ndilo huamua, kwani chuma kikipotoka kwa upana wa unywele, wimbo umeharibika.

Basi mtu huyo, aliyezitumikisha mikono, miguu na magoti kwa pamoja, huketi nyuma ya mwimbaji anayeshangiliwa. Watu hurudi makwao wakilitaja jina la mwimbaji. Si ajabu, kwa hiyo, kwamba akiulizwa habari za maisha ya pili, mpigaji wa gitaa la chuma huwa na majibu tayari. Mmoja atasema angechagua ala ile ile, ila angeanza akiwa na miaka sita, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Mwingine atasema angejifunza kwanza kusoma muziki ulioandikwa, asitegemee sikio peke yake. Wa tatu atataka kinanda au saksafoni. Wa nne, akicheka kidogo ili asionekane ana kinyongo, atakiri kwamba angependa kuwa mwimbaji.

Siwadharau wanaojibu hivyo. Hata walio vileleni hawakukaa mahali pamoja. Buddy Emmons, aliyezaliwa mwaka wa 1937 katika jimbo la Indiana na ambaye wengi humhesabu kuwa gwiji wa ala hiyo, alihamia Los Angeles mwaka wa 1967, akawa anampigia Roger Miller gitaa la besi. Fikiria: mtu ambaye wenzake walisafiri mbali ili wayaone magoti yake yakifanya kazi, akasimama na nyuzi nne akitunza mwendo wa wimbo. Baadaye alirejea Nashville, na alipofariki mwaka wa 2015 alikumbukwa kwa gitaa la chuma. Ala nyingine hakuingoja kuzimu wala peponi. Aliishika katika maisha haya haya.

Hapa yanipasa niseme kwa nini jambo hili lanihusu. Mimi si mpigaji wa gitaa la chuma. Nilikuwa mpigaji wa gitaa la kawaida katika bendi ya shule, na kwa muda mfupi baada ya shule katika bendi ya mtaani iliyokuwa ikipiga muziki harusini. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliniuliza siku moja kama nyuzi hizo zingewalipia wadogo zangu karo. Sikuwa na jibu. Nikaingia ofisini, nikawa karani, karo ikalipwa, na gitaa likatundikwa ukutani. Tangu hapo, kila niliposikia bendi nzuri, niliwaambia walioketi nami: "Nikizaliwa tena, mtaniona pale mbele." Nimeyasema maneno hayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Yalinifariji, na kwa kuwa yalinifariji sikupata kuyachunguza.

Kilichonifanya niyachunguze ni historia ya gitaa la chuma lenyewe, ambalo limezaliwa zaidi ya mara moja. Lilianza katika visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19. Sifa ya kulivumbua hupewa Joseph Kekuku, mzaliwa wa Laie katika kisiwa cha Oahu, ambaye akiwa mvulana wa shule alitelezesha chuma juu ya nyuzi akapendezwa na kilio chake. Husimuliwa kwamba chuma cha kwanza alikiokota kando ya reli. Mwaka wa 1904 aliondoka kwao, akaipeleka sauti hiyo Marekani bara na baadaye Ulaya, na akafia New Jersey mwaka wa 1932. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka wa 1915 yaliwatia Wamarekani wazimu wa muziki wa Hawaii. Gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kwa wingi, lile la kampuni ya Rickenbacker lililofanana na kikaango, lilikuwa gitaa la kulazwa mapajani kwa mtindo wa Hawaii. Wachunga ng'ombe wa Texas na wanamuziki wa Nashville wakalichukua, wakalitia kanyagio. Huko India, Brij Bhushan Kabra akalipigia raga. Nchini Nigeria, King Sunny Adé akaliingiza katika juju, likipigwa na Demola Adepoju katikati ya ngoma zinazosema. Kila mahali lilipofika, lilipata maisha mapya kwa sababu mtu fulani alikaa chini akajifunza kwa mwingine, ama kwa kumtazama, ama kwa kumsikiliza.

Lakini huko kwao Hawaii, gitaa hilo lilianza kufifia. Vijana waliona ni ala ya wazee na ya kuburudishia watalii hotelini. Na hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kisa chake kimenikosesha raha.

Jerry Byrd alizaliwa mwaka wa 1920 katika mji wa Lima, jimbo la Ohio, mbali mno na bahari ya Hawaii. Akiwa mtoto aliwasikia wanamuziki wa Hawaii waliokuja kutumbuiza hemani, akashikwa na sauti ile asiachiliwe. Akawa mpigaji mashuhuri. Ndiye anayesikika katika rekodi za Hank Williams za mwishoni mwa miaka ya 1940, zikiwemo "Lovesick Blues" na "I'm So Lonesome I Could Cry". Kanyagio zilipoingia na kila mtu akazikimbilia, Byrd alizikataa. Aliamini kwamba mkono, chuma na sikio vyatosha. Ladha ya Nashville ilibadilika, yeye hakubadilika.

Mtu wa namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kuketi akiota maisha ya pili ambamo angezaliwa Oahu mwaka wa 1900. Badala yake, mwaka wa 1972, akiwa na umri wa miaka 52, alihamia Hawaii. Alipokuta kwamba vijana wa huko hawaijui tena ala ya babu zao, akaanza kuwafundisha. Mgeni kutoka Ohio akawarudishia wenyeji kitu chao. Alifariki huko mwaka wa 2005, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Alan Akaka, mzaliwa wa Hawaii, ambaye naye amekuwa mwalimu wa wengine.

Nilipokisoma kisa hicho niliona aibu. Nilitambua kwamba ndoto yangu ya kuzaliwa tena ilikuwa ndoto ya kujipendelea. Katika maisha yangu ya pili nilijiona mimi tu, jukwaani, nikishangiliwa. Byrd alipata maisha ya pili yaliyo ya kweli, nayo hayakuwa ya kushangiliwa: yalikuwa ya kuketi na kijana asiyejua kushika chuma na kumwambia arudie tena. Maisha ya pili ya mwanamuziki ni mwanafunzi wake. Mengine siyaoni.

Najua nitapingwa. Patakuwa na atakayeniambia kwamba Byrd alikuwa na jina, na kwamba mzee wa Siaya au wa Kwale hana nauli ya kwenda hata Nairobi, sembuse Hawaii. Ni kweli. Lakini mzee huyo hahitaji kwenda popote, kwa maana yuko pale pale ilipozaliwa ala yake. Tazama mpigaji wa nyatiti: huketi chini karibu na ardhi, vidole vikidonoa nyuzi nane, pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ubao, njuga zikilia mguuni, naye akiimba juu ya hayo yote. Kazi yake si ndogo kuliko ya fundi wa Nashville. Marehemu Ayub Ogada aliibeba ala hiyo hadi majukwaa ya Ulaya, na albamu yake ya mwaka wa 1993, "En Mana Kuoyo", ingali inasikilizwa. Na bado wangapi miongoni mwa wazee wanaoipiga, au wanaopiga orutu, au wanaojua kuitengeneza kanuni ya taarabu inapokatika waya, wana mtu wa kumwachia? Twalalamika kwamba vijana hawataki. Je, tumewaita? Au twangoja waje wakituamkia na karo mkononi?

Nami si wa kuwanyoshea wengine kidole. Kuna mvulana wa jirani aliyeliona gitaa langu ukutani alipotumwa na mama yake kuleta maziwa. "Babu, nifundishe," akasema. Nikamjibu: siku nyingine. Akarudi mara ya pili na ya tatu, jibu likawa lile lile, kisha akaacha kuniuliza. Sababu niliyojipa ni kwamba vidole vyangu vimekakamaa. Sababu ya kweli ni kwamba kumfundisha kungekuwa kukiri kwamba ile zamu ya mbele jukwaani sitaipata tena, na sikuwa tayari kuiachia.

Juma lililopita nilibisha mlangoni kwao mwenyewe. Mama yake alidhani nimefuata deni la jambo fulani. Nimelitia gitaa nyuzi mpya, na kijana amekuja siku mbili mfululizo. Vidole vyake vinauma, nami nimemwambia vitauma kwa muda. Haulizi kama ningepiga nini nikizaliwa tena. Anauliza kwa nini waya wa tatu haulii sawasawa. Wasomaji wenzangu mlio na ala ukutani, au ufundi wowote ule mikononi, nawasihi mumtafute wa kuwauliza swali kama hilo mapema kuliko nilivyofanya mimi.