Goroli Zinazofumba Mdomo wa Ufa

Sogeeni, wanangu. Nani ana waya, ule mnaotengenezea magari ya kuchezea? Ukunje mara moja: haukatiki. Ukunjue, uukunje tena, uendelee hivyohivyo, na baada ya muda mfupi utabaki na vipande viwili mkononi. Hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata peke yake. Huo ndio uchovu wa metali.

Uchovu huo umeua watu. Jioni ya tarehe 8 Mei 1842, treni ilitoka Versailles kurudi Paris, imejaa watu waliotoka kwenye sherehe za mfalme wa Ufaransa. Ekseli ya injini ikakatika, mabehewa yakapandana, moto ukalipuka, na milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Walikufa zaidi ya 50. Baadaye, mhandisi Mjerumani August Wöhler alianza kupima ekseli kwa mashine za kuzungusha. Akaona kwamba hata mzigo mdogo, ambao chuma huubeba bila taabu leo, unaweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi za kutosha.

Kuvunjika huko huanza na ufa mdogo sana, mara nyingi kwenye ngozi ya chuma. Ufa una tabia ya mdomo. Chuma kikivutwa, mdomo unafunguka na ufa unasonga mbele. Kikibanwa, unafumba. Sasa fikirini: je, ingekuwaje kama ngozi ya chuma ingekuwa imebanwa wakati wote, usiku na mchana?

Mafundi walipata njia, nami naipenda kwa sababu ni rahisi mno. Hukipiga chuma kwa mvua ya goroli ndogo. Kila goroli inapogonga, ngozi hutaka kutanuka, kama donge la chapati chini ya fimbo ya kusukumia. Lakini chuma cha chini yake hakijaguswa, nacho hakikubali kutanuka. Basi ngozi inabaki imebanwa, ingawa hakuna mtu anayeibana tena. Kani hiyo iliyojificha huitwa mkazo masalio. Springi nyingi za magari hupigwa hivyo kabla hazijafungwa chini ya gari. Macho hayauoni mkazo huo. Wapimaji hutumia eksirei kujua atomi zimesogeleana kiasi gani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ke Lu wa China na Jian Lu, aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa, waliongeza makali. Walitia goroli ndani ya chumba kinachotikisika kwa kasi, zikawa zinagonga metali kutoka kila upande. Metali imejengwa kwa punje zilizoshikamana, na kwa mapigo hayo punje za juu zilivunjikavunjika hadi kufikia makumi ya nanomita. Unywele wako mmoja una upana wa nanomita kama 80,000.

Punje zikiwa ndogo, metali huwa ngumu, na ufa hupata shida kuzaliwa. Lakini hapa tulieni, maana wengi huteleza. Ufa ukishazaliwa kati ya punje ndogo hivyo, hukimbia karibu moja kwa moja. Punje kubwa ndizo zinazoulazimisha kupinda na kuzunguka, ukapoteza nguvu njiani. Kwa hiyo ngozi hiyo ngumu inauhitaji sana ule mkazo unaofumba mdomo, na chini yake inahitaji moyo wenye punje kubwa.

Tena mkazo huo haudumu kwa vyovyote vile. Joto kali huulegeza, na mzigo mzito kupita kiasi huufuta.

Na kuna deni. Ngozi ikibanwa, lazima ndani pavutwe, ili kani zilingane. Ndiyo maana metali iliyolindwa vizuri juu, ikija kuvunjika, pengine huvunjikia ndani, penye kipunje cha uchafu kilichonaswa tangu ilipoyeyushwa. Ukiweka kipande kilichovunjika chini ya hadubini, utaona duara limekizunguka kipunje hicho katikati. Wahandisi wameliita jicho la samaki.